Flashi na taa za kupigia picha baharini: anza na umbali, lumeni baadaye

Chewa mwekundu akipigwa picha kwenye kina cha mita 12 bila taa hutoka wa kijivu, na kamera haina kosa lolote. Maji hula wekundu kwanza. Ndani ya mita 5 za mwanzo sehemu kubwa imeshakwenda, rangi ya chungwa inafuata, kisha njano, mpaka unabaki na buluu na kijani peke yake. Wengi wanakumbuka kina na kusahau kwamba maji yanakula rangi kwa ulalo vilevile. Chewa huyo akiwa mita 2 mbele yako, mwanga wa jua umepita kwenye mita 14 za maji kabla haujaingia kwenye lenzi. Flashi iliyo kando ya kamera, samaki akiwa nusu mita, inapita kwenye mita 1 tu: nusu kwenda, nusu kurudi.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, amua unapiga nini na utakuwa umbali gani nacho. Konokono wa bahari asiye na gamba yuko sentimita 15 kutoka kwenye lenzi. Ukuta wa matumbawe wenye kundi la samaki uko nusu mita hadi mita 1. Zaidi ya mita 1.5, hata flashi ya bei mbaya itakupa rangi hafifu, na kuongeza ya pili hakutaokoa kitu. Vifaa vyote vinavyoelezwa hapa vinachaguliwa kwa kufuata jibu la swali hilo.

Flashi au taa?

Picha mnato zinataka flashi, video inataka taa. Kuna wanaonunua taa ya video wakitegemea ifanye kazi zote mbili, halafu picha zinatoka zimetikisika. Hesabu yake iko hivi. Taa ya xenoni ndani ya flashi hutoa, kwa makadirio, lumeni 40 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa kila wati. Flashi ya joule 80 basi inamwaga kama lumeni-sekunde 3,200 kwa mmweko mmoja. Taa ya lumeni 2,500, shata ikiwa wazi kwa 1/125 ya sekunde, inatoa lumeni-sekunde 20. Tofauti ni mara 160, yaani zaidi ya stopu 7 (kila stopu ni mwanga kuongezeka mara mbili). Hata flashi ndogo yenye robo ya nguvu hiyo inaiacha taa mbali. Isitoshe mmweko huisha ndani ya takriban sehemu ya elfu moja ya sekunde, kwa hiyo samaki anayekimbia anaganda kwenye picha hata mkono wako ukitikisika.

Taa peke yake inatosha kwa picha mnato katika hali chache: unatumia simu ndani ya kasha lake lisilopitisha maji, unatumia GoPro (haina flashi wala njia ya kuiamsha ya nje), au unapiga vidudu vilivyotulia umbali wa sentimita 10 hadi 20. Kwa umbali huo lumeni 1,500 hadi 2,500 zinafanya kazi nzuri. Kama unapiga picha na video nusu kwa nusu, nunua flashi moja ya maana pamoja na taa moja ya wastani. Vifaa vinavyojidai kuwa flashi na taa kamili kwa pamoja kwa kawaida upande mmoja unakuwa dhaifu.

Hatua ya 1: kamera yako itaiamshaje flashi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Flashi inafika, kisha inagundulika kwamba kamera haina namna ya kuiambia iwake.

Kamera yenye flashi yake ndogo, kama Olympus TG-6 au OM System TG-7, ndiyo rahisi kuliko zote. Mwanga wa flashi ya kamera unapita kwenye waya wa faiba uliochomekwa mbele ya kasha na kufika kwenye jicho la flashi ya nje. Hakuna umeme unaopita, hakuna tundu kwenye kasha, kwa hiyo hakuna mahali papya pa kuvujia. Funika flashi ya kamera kwa kipande cheusi, ukiacha njia ya faiba tu, ili mwanga wake usiangaze vumbi lililo mbele ya lenzi. Kwenye menyu ilazimishe flashi iwake kila mara, usiiachie kamera iamue.

Kamera kubwa zisizo na flashi, kwa mfano familia ya Sony A7, Nikon Z6 au Canon R5, zinahitaji triga: kifaa kidogo chenye taa za LED kinachokaa juu ya kamera ndani ya kasha na kutuma ishara kwenye faiba. Hakikisha triga hiyo imetengenezwa kwa kasha lako hasahasa, maana nafasi ya ndani ni finyu na madirisha ya faiba hayako mahali pamoja kwa makasha yote. Njia ya zamani ni waya wa umeme wenye plagi ya Nikonos ya pini 5. Inafanya kazi, lakini plagi ikiingia maji huoza kwa kutu, na mara nyingi unaijua siku ile flashi inapowaka yenyewe bila kubonyezwa.

TTL, yaani kamera kupima na kuamua nguvu ya mmweko yenyewe, inafaa kwa vitu vidogo vinavyojaza fremu. Kwa picha pana hudanganywa na buluu ya nyuma na kuzidisha mwanga. Jifunze kutumia nguvu ya mkono mapema: ukikaa umbali uleule, nguvu ileile inatoa matokeo yaleyale.

Makosa mawili hurudi kila mara. La kwanza, kamera inatoa mmweko wa awali wa kupimia, lakini flashi ya nje imewekwa katika hali isiyoutambua. Flashi inawaka mapema, shata inafunguka mwanga umeshakwisha, na picha ni nyeusi ingawa uliuona mmweko kwa macho yako. Badilisha swichi ya mmweko wa awali kwenye flashi. La pili ni shata ya kielektroniki au hali ya kimya: kwa kamera nyingi flashi haiwaki kabisa katika hali hiyo, kwa hiyo rudisha shata ya kawaida. Ukiona nusu ya picha ina giza lenye mpaka ulionyooka, umevuka kasi ambayo shata na flashi vinaweza kwenda pamoja. Kwa kamera nyingi za lenzi za kubadilisha, kikomo ni kati ya 1/160 na 1/250.

Hatua ya 2: soma namba mwongozo, kisha igawe

Nguvu ya flashi hutajwa kwa namba mwongozo, kwa mita na ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Inon Z-330 na Sea & Sea YS-D3 zimetajwa kuwa na 33, na Inon S-2000 ndogo ina 20. Namba hizo ni za hewani. Ndani ya maji gawa kwa 3 na utakuwa karibu na ukweli, kwa hiyo 33 inakuwa 11. Sasa gawa tena kwa umbali wa flashi hadi kwa samaki, unapata tundu la lenzi:

nusu mita: 11 ÷ 0.5 = f/22
mita 1: 11 ÷ 1 = f/11
mita 2: 11 ÷ 2 = f/5.6, kwa kukadiria

Ukipandisha ISO hadi 200 zidisha namba kwa 1.4, ukifika 400 zidisha kwa 2. Difyuza nyeupe ya kupanua na kulainisha mwanga hula karibu stopu 1.

Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini mpiga picha wa vidudu hahitaji flashi kubwa. Kwa sentimita 20, flashi yenye 20 ya hewani inatoa zaidi ya f/32 kwa ISO 100, na utalazimika kuipunguza. Mwenye lenzi ya jicho la samaki anayetaka f/8 hadi f/11 kwa mita 1, huku anga la buluu likionekana nyuma, hawezi kuikwepa yenye 30 na kitu.

Baada ya nguvu angalia muda wa kujaza, yaani sekunde kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Sekunde 2 hadi 3 kwa nguvu kamili zinavumilika. Ukitumia nusu au robo ya nguvu muda huo unashuka vilevile, na hapo ndipo flashi kubwa inapolipa hata ukiwa karibu: inafanya kazi bila kuhema.

Upana wa mwanga ni jambo la tatu. Kwa lenzi ya jicho la samaki tafuta nyuzi 100 na zaidi, au 90 pamoja na difyuza. Flashi nyembamba kwenye lenzi pana huacha kona nyeusi na doa jeupe katikati.

Hatua ya 3: moja au mbili

Kwa vitu vidogo moja inatosha. Iweke juu ya lenzi, kidogo mbele, kama jua la saa sita mchana, na kivuli kitaangukia chini ambako jicho limezoea kukiona. Kwa picha pana moja inaangaza nusu ya fremu, na ya pili ni lazima. Ila usinunue ya pili ndogo na dhaifu kwa sababu ya bei. Ni heri kukaa na moja nzuri msimu mzima kuliko mbili ambazo kila siku unazisawazisha. Zikiwa za aina tofauti hata rangi ya mwanga itatofautiana: upande mmoja wa picha utakuwa na umanjano na mwingine weupe, na hilo halisafishiki kirahisi kwenye kompyuta.

Betri za flashi

Flashi nyingi hula betri 4 za AA. Tumia za kuchaji za NiMH zenye uwezo wa karibu 2,000 mAh, za aina isiyopoteza chaji ikikaa, kama Eneloop nyeupe. Za alkalini za dukani ni ghali kwa mwaka na pia ni polepole, maana ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, na baada ya picha chache muda wa kujaza unavuka sekunde 6.

Ziandike namba kwa wino usiofutika: A1 hadi A4, B1 hadi B4. Seti A haichanganyiki na seti B, milele. Sababu si usafi wa mpangilio. Betri moja dhaifu kati ya nne huishiwa mapema, nyingine tatu zinaisukuma kinyumenyume, na inaanza kutoa haidrojeni ndani ya chumba kilichofungwa kwa oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji. Presha ikipanda, kifuniko kinaweza kuruka usoni unapokifungua. Ukitoka majini fungua kifuniko taratibu, uso ukiwa pembeni, na usihifadhi flashi betri zikiwa ndani.

Mikono, klampu na maboya

Mfumo wa kawaida ni mikono yenye vifundo vya duara vya inchi 1, inayounganishwa kwa klampu. Vipande viwili vya sentimita 20 kila upande vinatosha picha pana. Kwa vidudu tu, kipande cha sentimita 12 na cha 20 vinaleta wepesi. Kila upande wenye vipande viwili unahitaji klampu 3. Beba moja ya akiba. Ikianguka baharini hakuna duka Kilindoni wala Shimoni litakalokuuzia nyingine.

Kasha la alumini lenye flashi mbili huvuta mkono chini mpaka kifundo cha mkono kinauma. Usikisie maboya, pima. Jaza pipa maji, ning'iniza seti nzima ikiwa imefungwa tayari kwenye mizani ya ndoano ya kupimia samaki, izamishe yote, soma gramu. Ukisoma 900, tafuta maboya yenye uwezo wa kuinua gramu 600 hadi 700, ubaki na uzito kidogo ili kamera isipande yenyewe ikikuponyoka. Kumbuka pipa lina maji baridi na bahari ina chumvi: maji ya bahari yanainua takriban asilimia 2.5 zaidi. Seti yenye ujazo wa lita 6 itakuwa nyepesi kwa gramu 150 hivi baharini. Epuka boya la sponji laini. Kwenye mita 20 limeshabanwa na presha na uwezo wake umepungua, na hapo ndipo unapolihitaji.

Kuziweka flashi: hapa picha hupona au hufa

Madoadoa meupe yanayoharibu picha ni chembe za mchanga na viumbe vidogo kati ya lenzi na samaki, zikipigwa na mwanga. Kuzihariri kwenye kompyuta ni kazi ya saa nzima kwa picha moja. Dawa yake ni kuhakikisha maji yaliyo kati ya lenzi na samaki hayapati mwanga, samaki ndiye aupate.

Mwanga wa flashi hutoka kama pia, mwembamba mwanzoni na mpana mbele. Usielekeze katikati ya pia hiyo kwa samaki. Tumia ukingo wake. Kwa picha pana fungua mikono pembeni, kulia na kushoto, usawa wa kamera au juu kidogo, kisha rudisha flashi nyuma mpaka uso wake uwe nyuma ya mstari wa vishikio. Zielekeze mbele na kuzitoa nje kwa nyuzi 10 hadi 20. Kwa jicho la mgeni zitaonekana kama zinaangaza pembeni bure, lakini kingo zake zinakutana palepale kwenye samaki. Flashi ikiwa mbele ya dome (kioo cha kuba kilicho mbele ya lenzi) utapata mwako mweupe kwenye kona, kwa sababu lenzi pana inaiona.

Kanuni ya kuanzia: umbali wa kila flashi kutoka kwenye lenzi ulingane na umbali wa samaki kutoka kwenye lenzi. Samaki kwa sentimita 60, flashi ziwe sentimita 60 kila upande. Akisogea hadi sentimita 25, zivute ndani hadi 25. Mtu anayeacha mikono imefunguka huku amemsogelea samaki hupata ukanda wa giza katikati ya fremu na mwanga pembeni, kisha anailaumu flashi.

Kwa vidudu ni kinyume. Leta flashi karibu na mdomo wa lenzi, moja kila upande, zikitazama ndani kwa nyuzi 45 hivi. Kama maji yana vumbi, zisogeze mbele kidogo na uzigeuze zitazame ndani zaidi, kama zinatazamana.

Kuna mtego mmoja wa macho. Ndani ya maji kila kitu huonekana karibu zaidi kwa kama robo ya umbali wake. Ukielekeza flashi pale unapomwona samaki, mwanga unakutana mbele yake, ndani ya maji matupu, na vumbi ndilo linalopigwa. Lenga nyuma yake kidogo.

Mipangilio ya kuanzia, nguvu ya flashi ikiwa nusu: kwa vidudu na mandhari nyeusi weka f/16, 1/200, ISO 100. Kwa picha pana yenye buluu nyuma weka f/8, 1/125, ISO 200. Buluu ikiwa nyepesi mno ongeza kasi ya shata hadi 1/200. Ikiwa nzito shusha hadi 1/60. Kasi ya shata inatawala mwanga wa jua tu na haimgusi samaki aliyeangazwa na flashi. Nguvu ya flashi inamgusa samaki na haiigusi buluu. Ukilielewa hilo umemaliza nusu ya kazi, kwani unarekebisha mandhari na samaki kila kimoja peke yake. TG-6 haina hali ya mkono kamili, kwa hiyo kwenye hali ya A, ambapo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua shata, fanya marekebisho ya buluu kwa kufidia mwanga, ukianza na -0.7.

Taa za video

Namba kubwa kwenye boksi ndiyo inayouza, na ndiyo inayodanganya. Una silaha moja ya haraka: nishati ya betri. Taa ya LED yenye rangi nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa wati. Betri moja ya 18650 halisi (ya lithiamu, ya kuchaji) ina kama 3,400 mAh kwa volti 3.6, sawa na Wh (wati-saa) 12. Betri nne ni Wh 49. Kwa hiyo taa ya betri nne inaweza kutoa lumeni 5,000 kwa karibu saa moja, au 10,000 kwa nusu saa. Boksi likisema lumeni 10,000 kwa saa mbili kwa betri hizo nne, liache dukani. Fanya vivyo hivyo na betri zenyewe: 18650 iliyoandikwa 6,800 au 9,900 mAh ni ya uongo, kwa sababu hata zile bora haziendi mbali zaidi ya 4,000 hivi.

Baada ya hapo angalia mambo haya, kwa mpangilio huu.

Usawa wa mwanga. Angaza ukuta mweupe kwa mita 1. Unataka duara linalofifia polepole hadi ukingoni. Ukiona doa kali katikati, hiyo ni tochi ya kutafutia njia, na kwenye video samaki ataingia na kutoka kwenye doa hilo kama yuko jukwaani.

Upana. Nyuzi 120 zilizoandikwa kwa kioo bapa mara nyingi ni za hewani. Majini mwanga unapinda na kubaki kati ya 80 na 90. Kioo cha dome kinahifadhi upana wake. Uliza ni za wapi.

CRI (kipimo cha usahihi wa rangi, kikomo chake 100) ya 90 au zaidi, na joto la rangi la Kelvin 5,000 hadi 5,600. Taa nyingi za bei rahisi ni za Kelvin 6,500 na CRI ya 70. Zinang'aa sana machoni lakini wekundu wake ni mdogo, na wekundu ndio ulioufuata.

Mwanga usioshuka. Taa iliyodhibitiwa vizuri hukaa kwenye nguvu ileile mpaka karibu na mwisho wa betri. Isiyodhibitiwa huanza kushuka dakika ya kumi, na vipande vya video vya mwanzo na vya mwisho havitalingana.

Mipapatiko. Baadhi ya taa hupunguza nguvu kwa kuwaka na kuzima haraka. Jicho halioni, kamera inaona mistari inayotembea. Jaribu dukani: weka taa kwenye nguvu ya chini, rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, kisha kwa 1/500. Mistari ikitokea, taa hiyo itakusumbua kila utakapopunguza nguvu.

Kuhusu kiasi: lumeni 2,000 hadi 3,000 kwa vidudu, taa mbili za 5,000 kila moja kwa mwamba wa usiku au pangoni. Mchana, kwenye kina kisichofika mita 10, jua la ikweta linazishinda karibu zote ukivuka mita 1, na kichujio chekundu kwenye lenzi pamoja na kuweka mizani ya nyeupe kwa kibao kitakusaidia zaidi. Ila usiwashe taa ya kawaida huku kichujio chekundu kikiwa kwenye lenzi: vyote vilivyo karibu vitakuwa kama vimepakwa rangi ya mdomo. Wanaotaka vyote viwili huvisha taa vichujio vya buluu ili mwanga wake ufanane na wa kina kile.

Taa za nguvu hupozwa na maji. Usiziwashe kwenye mashua kwa zaidi ya sekunde chache za kujaribu.

Taa ya kulengea ni kitu kingine. Lumeni 500 hadi 1,000 zenye upana zinatosha kuisaidia kamera kushika fokasi usiku, na mmweko wa flashi unaufuta mwanga wake usionekane kwenye picha. Ikiwa na rangi nyekundu, kamba na pweza hawashtuki sana.

Maji ya pwani yetu

Bahari ikitulia, kuanzia Oktoba hadi Machi, maji ya Mnemba, Pemba na Watamu yanaruhusu picha pana. Masika na kusi kali huleta mchanga na matope ya mito, na hapo busara ni kubaki na vidudu, ambako kuna sentimita 15 tu za maji ya kuchafua picha. Ndani ya Ghuba ya Chole, Mafia, tazama maji kuliko tarehe: yanapojaa, bahari safi ya nje inaingia kupitia mlango wa Kinasi; yanapokupwa, vumbi la mikoko na mchanga linatoka kwa njia hiyohiyo. Siku za bamvua mkondo ni mkali, na mikono mirefu yenye maboya manene inakuvuta kama tanga. Ikunje, au subiri maji mafu.

Kwa potwe, ambaye Wakenya humwita papa shilingi, acha flashi hotelini. Yuko juu ya maji karibu na Kilindoni kwa sababu ya uduvi na vijidudu anavyokula, maana yake maji yamejaa chembe, naye ana urefu wa mita kadhaa, mbali na uwezo wa flashi yoyote. Jua linatosha. Farasi bahari naye hana kope za kufumba; piga picha chache, mwache.

Ndege ndogo za kwenda visiwani nyingi huruhusu kilo 15 za mizigo, kwa hiyo pima mapema. Betri za lithiamu za akiba hupanda nawe ndani ya ndege, vituo vyake (ncha za umeme) vimefunikwa kwa tepu. Hadi Wh 100 kwa kila moja hakuna tatizo. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika, na akiba zisizidi mbili.

Oringi

Itoe kwa kadi ya plastiki, kamwe si kwa kisu wala sindano. Ifute, ipitishe taratibu kati ya vidole ukitafuta chembe au mkato, safisha mfereji wake kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mafuta yawe kiasi cha punje ya mchele, yakae kama mng'ao tu; mafuta mengi hushika mchanga na hayazuii maji hata kidogo. Tumia mafuta ya mtengenezaji yule yule, kwa sababu oringi za silikoni huvimba zikipakwa mafuta yasiyozifaa. Funga kifuniko ukitazama mzunguko wote: unywele mmoja unatosha kuingiza maji.

Baada ya kupiga mbizi loweka vyote kwenye maji baridi kwa nusu saa, ukibonyeza na kuzungusha kila swichi. Visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvichumvi, na hayo hayasafishi kitu. Yaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, tumia maji ya mvua au ya bomba kwenye ndoo, hata lita 10 zinafaa.

Ukinunua iliyotumika

Soko la vifaa hivi Afrika Mashariki ni la mkono wa pili kwa kiasi kikubwa, mara nyingi kutoka kwa walimu wa mbizi wanaohama. Fungua chumba cha betri na utazame vituo kwa tochi: ukijani au weupe wa unga ni alama ya maji yaliyowahi kuingia, hata kama muuzaji ana hadithi nzuri. Nusa pia, elektroniki iliyoungua haisahau harufu. Weka betri zako mwenyewe zilizojaa, piga mimweko 20 ya nguvu kamili huku ukipumzisha flashi kila inapojaza, na upime muda wa kujaza wa kwanza na wa mwisho. Ukiongezeka mara mbili, ni dalili kwamba ndani kuna kitu kilichochoka. Piga ukuta mweupe kwa nguvu kamili, nusu na robo. Kila hatua ipungue kwa stopu 1. Tazama bomba la xenoni: weusi mzito kwenye ncha zake ni dalili ya kazi nyingi. Mwisho, weka kipande cha tishu mahali pa betri, funga, izamishe kwenye ndoo kwa nusu saa, na ulipe baada ya kuikuta tishu kavu.